Wasikilizaji wa Rafuni

Chumba cha nyuma katika nyumba waliyoishi kaka na dada pamoja na mama yao kilikuwa na dirisha moja dogo, nalo lilikuwa limezibwa kwa godoro kuukuu. Blanketi zilining'inia ukutani. Kwenye kona lilisimama kabati lisilo na milango, ambalo kaka mtu, seremala kwa kazi, alikuwa amelibandika sponji ndani likawa kibanda cha kurekodia. Maikrofoni ilivishwa soksi nyeusi. Kabla ya kurekodi, friji ilizimwa, feni ikazimwa, na mama akaombwa asikohoe.

"Basi na kupumua niache?" mama alizoea kuuliza kutoka sebuleni. "Mtanizika kwa ajili ya wimbo, nyie."

Binti yake aliitwa Chiriku tangu utotoni, kwa kuwa hakunyamaza hata chakula kikiwa kinywani. Mchana alifunga mikate kiwandani. Jioni aliingia kabatini na kuimba huku kaka yake akisikiliza kwa kichwa kilichoinama kama mtu anayepima unyofu wa ubao.

"Rudia," kaka alisema. "Sogea nyuma kidogo. Kila ukifika kwenye 'pa' unapuliza kama unawasha moto."

"Kaka, koo limekauka."

"Kunywa maji, kisha rudia."

Kaka alipomaliza kuuchanganya wimbo, yaani kupatanisha sauti na ala, hakuusikiliza kwa vifaa vizuri tu. Aliupiga pia kwenye simu ya mama yenye spika iliyopasuka. "Wakisikia maneno yako hapa," alisema, "watayasikia popote."

Subira ile ilianza kuzaa. Kila wimbo ulitoka safi kuliko uliotangulia, na kila waliouweka mtandaoni ulipata wasikilizaji wachache wapya. Walikuwa wachache, lakini walikuwa watu. Waliuliza maneno ya kiitikio, walilalamika wimbo ukiwa mfupi. Mshonaji mmoja aliandika kwamba tangu afiwe na mumewe, wimbo wa Chiriku wa maombolezo ndio uliomwezesha kukaa tena kwenye cherehani.

"Mjibu," kaka alimwambia. "Anayekuandikia ni mgeni aliyebisha hodi. Usimwache mlangoni."

Chiriku alimjibu, nao wakawa wakiandikiana.

Lakini kiwandani wenzake hawakumwacha apumue. "Msanii mkubwa!" walimkejeli alipokuwa akifunga mikate. "Hao wasikilizaji wako wote si wanaenea kwenye foleni ya choo?" Wakacheka hadi wakashika mbavu. Chiriku naye alicheka, ila maneno yale yalimchoma kama mwiba uliokatikia nyamani. Alianza kuona kwamba njia ya kaka yake ni mwendo wa kobe.

Ndipo alipomfuata mtu mmoja aliyejiita wakala wa wasanii. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Alipofungua mlango, Chiriku alipigwa na butwaa. Kuanzia sakafuni hadi darini palikuwa na rafu, na rafuni zililazwa simu, safu kwa safu, kama mikate inayosubiri kufungwa. Kila kioo kilikuwa kikiwaka. Wakala aligusa kitufe, na picha ya Chiriku ikatokea kwenye simu zote kwa pamoja. Wimbo wake wa maombolezo ulianza kwenda. Chumba kilibaki kimya.

"Mbona sauti imezimwa?" Chiriku aliuliza.

"Dada yangu, zikiimba zote si tutakuwa viziwi?" wakala alicheka. "Mtandao unahesabu tu kwamba wimbo umechezwa. Sauti ya nini?"

"Sasa nani anasikiliza?"

"Watu hufuata watu. Wakiona umejaza, watakuja wenyewe."

Chiriku alisogea karibu na rafu. Alitazama uso wake mdogo ukitabasamu katika rafu zote zile, akiomboleza bila sauti mbele ya ukuta. Kisha akakumbuka kicheko cha kiwandani, akakubali kumlipa.

Hesabu zikapanda kama maziwa yanayochemka. Kiwandani kejeli zilikoma. Wengine wakaomba kupiga naye picha. Chiriku alishinda akitazama tarakimu, na ujumbe wa watu ukakaa bila kufunguliwa. Mshonaji aliandika, akaandika tena, hakujibiwa.

Kaka yake alifurahi, ila jioni moja aliweka kijiko chini. "Kuna kitu sikielewi," alisema. "Watu wote hawa, na hakuna hata mmoja mpya aliyeuliza maneno ya kiitikio. Mdogo wangu, hawa ni watu wa kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Chiriku aliinamia sahani yake. "Ni watu wa kweli, kaka. Watu wa siku hizi hawaandiki, wanasikiliza tu."

"Haya. Mimi nakuamini wewe."

Haikupita muda, mwenye ukumbi wa mjini akapiga simu. Alikuwa ameona kwamba wasikilizaji wengi wa Chiriku walikuwa papo hapo mjini, maana wakala ndivyo alivyozipanga simu zake. Alijitolea kumpa ukumbi Jumamosi alasiri. Gharama za spika na mafundi wa jukwaa zingekuwa juu ya msanii mwenyewe. Chiriku alitaka kukataa, lakini kabla hajapata neno, kaka yake alikuwa ameshasema ndiyo. Kesho yake mashine yake ya kuranda haikuwepo karakanani.

"Nimeiuza," alisema, na macho yalimng'aa. "Usinitazame hivyo. Ukumbi ule ukijaa mara moja, nitanunua nyingine mpya, nawe utaaga mikate."

Chiriku alichukua ufagio, akafagia vumbi la mbao pale mashine ilipokuwa.

Jumamosi ilipofika, kaka alizunguka ukumbini tangu asubuhi akinyoosha nyaya. Walipojaribu sauti, kila neno la Chiriku liligonga ukuta wa nyuma, likarudi na kukanyaga neno lililofuata. Wimbo uliotungwa kwa pumzi na mnong'ono ukawa kelele.

"Usijali," kaka alisema. "Ukumbi mtupu ndivyo ulivyo. Watu wakiingia, miili yao itaumeza mwangwi."

Saa ya onyesho iliwadia. Aliingia mama, amevaa nguo yake ya sherehe, akaketi mstari wa mbele. Wakaingia majirani wawili. Wafanyakazi watatu wa kiwandani walichungulia mlangoni, wakatazamana, wakaondoka wakiziba midomo. Mwisho aliingia mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani. Baada yake mlango haukufunguliwa tena.

"Msongamano wa barabarani, bila shaka," mama alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mwenye ukumbi alikunja mikono. "Anza, binti. Au nizime taa?"

Chiriku aliimba. Viti vitupu havikumeza kitu. Sauti yake ilikwenda hadi nyuma, ikarudi imevunjika, ikamrukia usoni. Katikati ya ubeti wa pili alinyamaza, na kwa kitambo ukumbi uliendelea kuimba peke yake.

Kaka yake alipanda jukwaani. "Wako wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Chiriku, wale watu wako wapi?"

"Ni simu," alijibu, machozi yakimtiririka. "Simu zilizopangwa rafuni. Nilizilipia."

Seremala alitazama spika, akatazama mikono yake mwenyewe. Hakumfokea. "Ungeniambia," alisema, "tungeimba sebuleni kwa mama." Kisha akainama, akaanza kuchomoa nyaya, mmoja baada ya mwingine.

Mwanamke wa kitambaa cheusi alimsubiri Chiriku mlangoni. "Mimi ni yule mshonaji," alisema. "Nimetoka mbali. Nilikuandikia nikuulize kama ule wimbo wangu utauimba leo. Labda hukuuona ujumbe wangu."

Chiriku hakuweza kumtazama. "Nitakujibu, dada. Naapa, leo hii nitakujibu."

Alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, alifungua ukurasa wake. Haukuwepo. Wenye mtandao walikuwa wamegundua wasikilizaji wa uongo, wakafuta hesabu, nyimbo, na kila ujumbe uliowahi kuandikwa hapo. Wale wachache wa kweli walikwenda na maji pamoja na wale wa rafuni, naye hakuwa na njia ya kuwapata tena.

Siku hizi kaka yake ni kibarua katika karakana ya mtu mwingine. Hurudi jioni, akala, akalala. Chiriku akimwambia, "Kaka, nina wimbo," yeye hujibu kwa upole, "Vizuri, mdogo wangu," lakini hanyanyuki kitini. Na mjini kote, kila aliyekisikia kisa cha ukumbi ule husema neno lilelile: nguo ya kuazima haisitiri maungo.