Kofia ya Nwokeji

Sogeeni hapa, na atakayesinzia nitamfinya sikio!

Katika kijiji cha Waigbo kisichokuwa na mfalme, ambako kila shauri lilikatwa na wote barazani, mzungu mtawala alimvika Nwokeji kofia nyekundu. "Leo wewe ndiwe chifu. Amuru!"

Nwokeji akavimba kichwa. Akaamuru alimiwe shamba; kofia ikakua, ikamfunika masikio. Akaamuru ajengewe nyumba, ikamfunika macho. Akaamuru akina mama wasiende sokoni bila ruhusa yake. Ikamteremkia hadi magotini!

Loo! Akina mama, kwa desturi yao ya "kumkalia" mwanamume asiyesikia, yaani kumzingira kwa nyimbo, wakajaa uani kwake. Wakaimba, wakacheza, wakamzomea siku tatu.

"Jamani, nitoeni humu!" akalia.

"Vunja kola kwanza," akasema mkewe, Ugoeze, akimpenyezea chini ya kofia kokwa hiyo chungu ambayo wenyeji huigawana kwa heshima. "Wagawie watu, uwaombe ushauri, kama zamani."

Akapapasa, akaivunja ile kokwa, kila mtu akapata kipande. "Nifanyeje, ndugu zangu?"

Papo hapo kofia ikainuka, ikatanda kama paa, kijiji kizima kikaingia chini yake kwa vicheko.

Mzungu akarudi. "Chifu yuko wapi?"

Chini ya kofia zikajibu sauti mia: "Sisi hapa!"