Theluji ya Bibi Kobe

Hadithi!
— Ije!
Ikija msiitoe nje!
— Hatuitoi!
Apeni!
— Tunaapa!

Haya. Nami niliapa hivyohivyo mbele ya bibi yangu, na kabla chungu hakijachemka nilishamwambia jirani. Sogeeni basi.

Hapo kale, kale ya kweli, palikuwa na mlima wenye kilele cheupe. Kila mwaka wanyama waliupanda kwa mchezo, wakiimba. Ah, zamani zile! Bingwa wao alikuwa Bibi Kobe. Msicheke! Alipanda polepole, akafika.

Lakini uzee ukaja, magoti yakagoma. Akawa anakaa mlangoni, anautazama mlima, machozi yanamlenga.

Akasema, "Wajukuu zangu, nataka kuionja theluji mara moja tena kabla sijafa. Atakayeniletea, nitamrithisha fimbo yangu ya kupandia."

Wakatoka watatu, kila mmoja na kibuyu chake: Paa, Pimbi na Nyani.

Siku ya tatu akarudi Paa. "Bibi, nimeishia msituni. Pumzi zimenikatika."

"Umesema kweli, mjukuu wangu. Kaa."

Siku ya sita wakarudi Pimbi na Nyani. Pimbi midomo imempasuka kwa baridi. Akamimina kibuyu chake. Maji!

"Imeyeyuka njiani, bibi," akasema, kichwa chini.

Wanyama wakacheka, wakashika mbavu.

"Maji hata kisimani yapo, we kibushuti!" akasema Nyani. "Theluji ndiyo hii!" Akamimina. Nyeupe pee! Vigelegele vikapigwa.

Bibi Kobe akaonja maji ya Pimbi. Akafumba macho. "Ndiyo yenyewe. Yana ladha ya mawe ya kule juu. Hata theluji niliyoshuka nayo mimi iliyeyuka, kila mwaka." Akampa Pimbi fimbo.

"Bibi! Na yangu je?" Nyani akaruka.

Bibi Kobe akalamba kidogo. Akalamba tena. Akalamba mara ya tatu.

"Theluji hii naijua," akasema. "Ni muhogo wangu. Nimeusaga mwenyewe juzi."

Nyani akaficha mikono nyuma. Amechelewa! Wote wameiona, myeupe mpaka viwikoni. Na jua linawaka, theluji haiyeyuki, kuku wamekuja mbio wanaidonoa.

Wajukuu, njia ya mwongo ni fupi. Usimdanganye mtu kwa kitu alichokipenda ujanani.

Hadithi yangu imeshuka mlima. Atakayeitoa nje, aseme kaisikia kwa jirani.