Maiti wa Mitondooni Wadai Sanda

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko visima, alikuwako Sultani Badawi, mpenda sifa, hata za kuazima. Siku moja akafikiwa na mgeni wa Kiyunani, aliyemghania vita vya wazee wao, jinsi walivyouzingira mji miaka kumi kwa ajili ya mwanamke mmoja, kisha wakauteketeza. Wivu ukamshika Sultani, akamwagiza malenga wake amtungie babu yake vita vya kuvipita vile.

Malenga hakufanya choyo. Akatunga kwamba babu aliuzingira Mitondooni, mji jirani, miaka ishirini, akaua wote, asibakishe hata jogoo wa kuwika. Basi uongo nao ukizoeleka huota mizizi. Sultani akauamini, akatangaza kuwa kisima cha Mitondooni, chenye maji matamu pekee katika nchi ile, ni nyara ya babu yake. Wenyewe wakabaki kunywa maji ya chumvi, na watoto wakaanza kuugua matumbo. Wazee walipokwenda kulalama kuwa vita vile havikuwako, wakaambiwa walete ushahidi. Jamani, ushahidi wa kitu kisichokuwako unachimbuliwa wapi?

Palikuwa na fukara mmoja pale Mitondooni aitwaye Mwadini. Watu walimwita punguani, naye hakuwakatalia, maana punguani haalikwi kwenye vikao virefu. Lakini safari hii moyo ulimuuma, kwa kuwa binti yake alikuwa kitandani, hoi. Akaenda kwa malenga akaomba asomewe utenzi ule wote, akausikiliza hadi tamati, akacheka peke yake. Aliporudi akawaambia watu wachukue mikeka na shuka wamfuate.

Ikawa Sultani alipotoka barazani alikuta ua umejaa watu waliolala chali, wamejifunika gubigubi, wake kwa waume. Bibi kizee mmoja alikuwa akitafuna tambuu chini ya shuka. Sultani akauliza kulikoni.

Mwadini akafunua uso. "Ewe bwana wetu, sisi ni maiti. Utenzi wasema babu yako alituua sote, nasi ni nani hata tubishane na utenzi wako? Ila hatujazikwa. Na ada ya nchi ni kwamba asiye na jamaa huzikwa na Sultani. Jamaa zetu ndio hawa, nao wamekufa vilevile. Twaomba sanda, makaburi, na hitima ya mji mzima. Kisima hatukidai, maiti hanywi. Lakini ukisema sisi tu hai, basi babu yako hakutushinda, na maji ni yetu."

Sultani akautazama umati ule, akawaza bafta ya sanda na ng'ombe wa hitima, uso ukamshuka. Aliyetangulia kucheka ni yule Myunani, aliyekuwa angali mgeni wake. Akasema hata kwao watu hubishana kama vita vyao vilikuwako kweli, ila waliouawa hawajapata kuja kushtaki. Hapo Sultani naye akashindwa kujizuia, akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Malenga," akasema, "wafufue."

Malenga akakiri mbele ya wote kuwa vita vile alivibuni. Maiti wakainuka, wakakunja mikeka, wakaenda moja kwa moja kisimani, na mtungi wa kwanza Mwadini akaukimbiza nyumbani kwa binti yake.