Ukumbi Uliomkosa Venanti

Nyuma ya maduka ya Kasulu mjini palikuwa na ukumbi wa michezo ya kuigiza. Ulijengwa na Abdulrahmani, mfanyabiashara aliyetoka pwani akaoa na kuzeekea milimani. Siku ya mchezo watu walimiminika kama siafu, hata kutoka Munanila, wakiwa wamejitanda mablanketi kwa baridi. Aliyewavuta ni Venanti, Muha mrefu, mwembamba kama ufito. Akiigiza mama mkwe, watu walishika mbavu. Akigeuka mwami, mtawala wa Waha, aliyenyang'anywa ngoma yake ya enzi, watu wale wale walilia.

Abdulrahmani alipofariki, ukumbi ulibaki mkiwa. Upepo uling'oa mabati na mchwa wakala jukwaa. Mnamo mwaka 1973 mwanawe Khatibu, ambaye biashara ya maharage na asali ilikuwa imemnyookea, alijifunga kibwebwe kuufufua. Aliezeka upya, akatengeneza jukwaa. Habari zilipomfikia Venanti, alikuja dukani na bintiye Rosa, uso umemkunjuka kama wa bwana harusi.

"Mwanangu Khatibu, paa lipo, jukwaa lakanyagika. Tufungulie tucheze."

"Bado, mzee wangu. Kuta hazijapakwa chokaa. Nitawakaribishaje watu kwenye gofu?"

"Watu hawaji kutazama kuta."

"Subiri kidogo tu."

Khatibu hakuwa na roho mbaya. Utotoni alimtazama Venanti akiwa amepakatwa na baba yake, na duniani hakumpenda msanii mwingine kumshinda yeye. Alitamani siku ya kufungua mzee huyo atokee nyuma ya pazia jekundu, mbele ya wageni waheshimiwa, apigiwe makofi mpaka mabati yatikisike. Kwa hiyo chokaa ilipokauka, aliagiza viti vya mninga kutoka Tabora. Viti vilipofika, aliagiza pazia Dar es Salaam. Kila Venanti alipobisha hodi, jibu lilikuwa lile lile: kidogo tu.

Mkewe, Kuruthumu, alishindwa kunyamaza. "Baba Tamimu, yule mzee anakonda, na kifua kinambana. Mfungulie. Pazia litamkuta jukwaani."

"Nataka acheze mahali panapomstahili."

"Panapomstahili ni penye watu, baba. Hayo mengine ni yako wewe."

Maneno yale yalimchoma, lakini aliendelea kulingoja pazia.

Wakati huo familia nyingi zilikuwa zikihamia vijiji vipya, na waigizaji wakatawanyika mmoja mmoja. Rosa na mumewe walipangiwa kijiji upande wa Kibondo. Venanti hakuwa na mtoto mwingine, akaamua kuwafuata. Kabla ya kuondoka alipita dukani, safari hii peke yake.

"Michezo yangu yote imo kichwani humu," alisema taratibu. "Rosa ameanza kuishika, lakini mchezo haushikiki jikoni. Unataka watu. Tufungulie leo mchana tu, hata wakija wauza ndizi wa sokoni."

Khatibu alimshika mkono. "Pazia limeshafika Tabora, mzee. Likifika hapa, nitakufuata mwenyewe kwa gari."

Venanti aliutoa mkono wake. "Haya, mwanangu. Ukumbi ni wako." Akaenda zake.

Pazia lilifika masika yalipokuwa yakiisha. Khatibu alikodi gari siku ile ile, akaenda Kibondo akiimba njia nzima. Rosa alimpokea mlangoni, macho yamemvimba.

"Baba yupo," alisema, "lakini amepigwa na kiharusi. Hasemi."

Venanti alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo umekwenda upande. Khatibu alipiga magoti. "Mzee wangu, pazia limefika. Jekundu." Mzee aliinua mkono wake uliobaki mzima, akauvuta hewani polepole, kama mtu afunguaye pazia. Midomo ikachezacheza. Sauti haikutoka.

"Na michezo?" Khatibu alimgeukia Rosa. "Umeishika?"

"Miwili, nayo nusu nusu. Kila alipotaka kunifundisha nilimwambia, baba, pumzika, tutajifunza ukumbini ukifunguliwa." Rosa aliziba uso kwa kanga. "Nilikuamini, kaka."

Venanti alizikwa huko huko Kibondo kabla ya kiangazi kwisha.

Ukumbi ulifunguliwa hata hivyo, kwa kuwa wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Wanafunzi waliimba nyimbo tatu wakamaliza. Watu walivipapasa viti vya mninga, wakamsifu mwenye ukumbi. Ndipo bibi mmoja wa Munanila, aliyetembea tangu alfajiri, alipomsogelea.

"Baba, Venanti anatoka saa ngapi?"

Khatibu alifungua kinywa, machozi yakamtangulia. Kuruthumu ndiye aliyemshika bibi yule mkono na kumweleza.

Tangu siku hiyo, aliyemsifu Khatibu kwa uzuri wa ukumbi ule alimwona akiinamisha kichwa, kwa maana yeye alijua alichokipoteza akiwa bado anakipamba. Wahenga hawakumwonea mtu waliponena: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.