Pimbi Aenda Kufukua Vitovu

Sogeeni, wanangu. Lakini niungame kwanza, maana nisipoungama hadithi hii itanisuta. Nilipokuwa kijana niling'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, nikayapanda upya hatua tatu ndani ya shamba la jirani yangu mjane, Mama Naelijwa. Siku hiyo alikuwa amekwenda kumuuguza binti yake. Jumapili nikaenda kanisani, nikaimba kwa sauti kubwa. Aliporudi aliutazama mpaka, akanitazama na mimi, akaingia ndani. Mungu anisamehe.

Haya. Hapo zamani za kale, ambazo hata babu yangu alizisikia tu, palikuwa na bonde lenye chemchemi moja. Wenyeji wake walikuwa wadogo wadogo: akina Pimbi, akina Fuko, akina Nungunungu. Walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikidondoka, kinafukiwa papo hapo bondeni, karibu na nyumba ya mama yake.

Akaja Kiboko, mtawala, na Nyati askari wake, na Kasuku mpiga mbiu. Wakazungusha ua wa miiba. Chemchemi ikabaki ndani, wenyeji wakabaki nje.

"Bonde hili ni pori tupu," Kiboko akatangaza. "Halina mwenyewe. Kuanzia leo ni la serikali. Yaani langu."

Wenyeji wakasukumwa juu kwenye mawe. Huko hakuna shule, hakuna mganga, hakuna maji. Walilamba umande. Mara saba walituma wajumbe, na mara saba Kiboko alijibu, "Nimesikia, nalishughulikia," kisha akapiga miayo, aaaah!

Mtoto wa mwisho wa Pimbi akashikwa na homa. Midomo ikampasuka.

"Mama, maji."

Pimbi hakuwa na hata tone. Akashuka mbio, tiki tiki tiki, mpaka barazani kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umeleta malalamiko ya nane?"

"La, Bwana. Tumekubali kuhama. Tutakwenda mbali, hutatuona tena."

"Ahaa! Umesikia, Nyati? Hatimaye wameerevuka!"

"Ila tuna ombi dogo, Bwana. Kwetu mtu hahami akaacha kitovu. Turuhusu tufukue vitovu vyetu, twende navyo."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likamtikisika, bwata bwata bwata. "Vitovu! Loo, washenzi hawa! Fukueni, kisibaki hata kimoja!"

"Ipigwe na mbiu, Bwana, askari wasije wakatufukuza."

"Kasuku! Piga!"

"Wafukue vitovu vyao! Kisibaki hata kimoja!" Kasuku akalia bonde zima. Na kwa desturi ya utawala ule, neno likishapigiwa mbiu halifutwi, hata na mtawala mwenyewe.

Kesho yake asubuhi wakashuka. Kiboko alidhani watakuja kumi. Mama wee! Walikuja mamia, wazee na wajukuu, hawana mkuki wala rungu, kucha tu. Wakaanza. Chaka chaka chaka!

"We Nungunungu! Mbona unachimba chini ya ua?" Nyati akafoka.

"Kitovu cha shangazi, afande."

Ua ukaanguka, pwaa!

"Na wewe Fuko! Unafanya nini jikoni kwa Bwana?"

"Yupo babu mzaa babu hapa, afande. Nimwache vipi?"

Kufika adhuhuri bonde lilikuwa kama chekeche. Nyati akatumbukia mguu, akakaa chini analia.

"Acheni!" Kiboko akanguruma. "Kasuku, futa ile mbiu!"

"Imeshalia, Bwana."

Kiboko akamrukia Pimbi kwa hasira. Ardhi ikafunguka chini yake, gubu! Akanasa mpaka kwapani. Jua likamwakia mgongoni, na ngozi yake, mnajua, haiwezi jua.

"Maji! Pimbi, mama yangu, niletee maji!"

"Mama yako tangu lini? Jana nilikuwa mshenzi."

"Ngozi inapasuka!"

"Midomo ya mwanangu imepasuka siku tatu. Hebu niambie, Bwana, umenasa wapi?"

"Shimoni!"

"Shimo la nini?"

"La... la kitovu."

"Cha nani?"

"Sijui! Cha bibi yako!"

"Kumbe bibi yangu alikuwa na kwao hapa? Na ulisema ni pori tupu."

Jua likazidi. "Lina wenyewe," Kiboko akanong'ona.

"Sijasikia. Kasuku naye hajasikia."

"Bonde lina wenyewe! Na chemchemi ni yao!"

Kasuku hakungoja kuagizwa. Akapaa juu, akaipiga mbiu mara tatu.

Pimbi akachota vibuyu viwili. Cha kwanza alikipandisha mbio kwa mwanawe, akamnywesha polepole mpaka macho yakafunguka. Cha pili akammwagia Kiboko mgongoni. Wakamvuta, akarudi mtoni kwao. Vitovu wakavifukia tena pale pale.

Funzo lake: usiite pori mahali ambapo wenzako wamezaliwa.

Mama Naelijwa alifariki kabla sijayarudisha yale masale, lakini binti yake yupo. Magoti yangu sasa mabovu. Nawaomba, wanangu, kesho asubuhi njooni na majembe, mnisaidie kuyang'oa.