Kiboko na Sheria ya Habari

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mafiga na majirani wambea kama sisi, Buibui alitandaza nyuzi zake mti hadi mti, akavuka nazo mto. Ukigusa uzi wako, ting! sauti yako inasikika kila nyumba. Wakauita mtandao.

Kindi aliupenda kupita kiasi. Mama yake mgonjwa aliishi ng'ambo ya mto, na kila asubuhi alimjulia hali kwa uzi.

Siku moja Mfalme Kiboko aliteleza mbele ya wakwe zake, puu! matopeni. Kabla hajanyanyuka, mtandao mzima unacheka, kwa kwa kwa!

Kiboko akafura. "Kuanzia leo, atakayetuma habari mtandaoni bila kibali changu, uzi wake ukatwe!"

Maskini Kindi! Mama je? Lakini alikuwa mdadisi huyo, akishikwa na swali hatulii.

"Samahani, Mzee. Habari ni nini hasa?"

"Neno lolote la kueleza hali ya mtu!"

"Hata neno moja?"

"Hata moja!"

"Na sheria ni ya sisi wadogo tu?"

"Ya wote! Na Buibui ndiye mkataji. Hebu niondokee!"

Asubuhi yake, ting! Uzi wa Kiboko ukalia.

"Shikamoo, Mzee!" Ni Kindi.

"Marahaba, mwanangu!"

"Za kuamka?"

"Nzuri! Ila tumbo linaunguruma kidogo."

Mtandao mzima ukasikia. Buibui akashuka na mkasi, kacha kacha.

"Mzee, kibali kiko wapi? Umetangaza hali yako."

"Aka! Nimejibu salamu tu! Basi najipa kibali sasa hivi!"

"Neno limeshatoka, Mzee."

Kiboko akautazama uzi wake. Ndio uliomletea sifa zake kila siku, aliupenda mno. Mkasi ukakaribia.

"Ngoja! Naifuta sheria! Marufuku ni uongo tu."

"Na ukweli, Mzee?" Kindi akauliza. "Hata ule wa matopeni?"

Kiboko akanung'unika: "Hata huo."

Kindi akakimbilia uzi wake, ting! "Mama, za kuamka?"

"Nzuri, mwanangu, nimepata nafuu. Eti mfalme kaanguka?"

Basi, wanangu, anayetunga sheria ya midomo ya wenzake akumbuke kwamba naye ana mdomo.