Mtamba wa Waliosubiri

Hapo zamani, huko milimani Upare, walikuwako watu watatu wa ukoo mmoja waliochoka kuonewa. Nakijwa alikuwa mjane. Namcheja alikuwa wifi yake. Kundaeli, kijana wa kuoa, alikuwa mtoto wa shemeji yake Nakijwa. Walilima pamoja shamba moja la maharage, na kila mavuno mnunuzi aliwapandia kutoka tambarare na bei ya kutupa, kwa kuwa wakati huo kila nyumba ilikuwa na maharage na shida.

Mwaka huo Nakijwa alimjibu akiwa amesimama mlangoni, hata kigoda hakumpa. "Hatuuzi. Rudi wakati wa kupanda, watu wakitafuta mbegu."

Mnunuzi akacheka, akasema maharage hayakai bure. Hilo ndilo wale watatu hawakulifikiria. Walikuwa wamepatana namna ya kugawana faida. Namna ya kugawana adha ya kungoja, hawakupatana.

Maharage yakataka pa kulala. Nakijwa akatoa nyumba yake, maana ndiyo pekee isiyovuja, akahamia jikoni. Moshi ukamla macho msimu mzima, mpaka akawa hatofautishi mmea na gugu. Mnunuzi akarudi kujaribu. Hatuuzi, akasema Nakijwa.

Maharage yakataka mtunzaji, kwani fukusi hana huruma. Namcheja akayachanganya na jivu, akawa anayaanika, anayapepeta, anayachagua, huku mihogo yake ikiliwa na nguruwe pori kwa kukosa wa kuwafukuza. Mnunuzi akarudi kujaribu. Hatuuzi, akasema Namcheja, akampepetea vumbi usoni.

Maharage yakataka mvumilivu. Kundaeli alitaka kuuza fungu lake apeleke mahari, na wakwe wakatuma mtu kumwambia alete sasa au basi. Fungu lilikuwepo, limejaa magunia, na halikumfaa kitu. Mnunuzi akamfuata yeye peke yake. Hatuuzi, akasema Kundaeli, na mchumba akaolewa kwingine.

Wakati wa kupanda ukafika, maharage yakawa adimu. Mnunuzi akaja kwa adabu, akalipa bei waliyoitaka wao, wakagawana sawa bila neno. Kisha akawaongezea mtamba wa ng'ombe, kwa uchokozi tu.

"Huyu si wa kuuza wala kugawana," akasema. "Apewe yule ambaye kungoja kumemgharimu zaidi."

Walijua anataka wavurugane. Lakini nani aache mtamba?

Namcheja akasema, "Wifi, nyumba yako umerudishiwa. Bila mikono yangu ungekuwa umevuta moshi bure, kwa ajili ya unga wa fukusi."

Kundaeli akasema, "Shangazi, mihogo itaota tena. Mama mkubwa, mchumba wangu ataota wapi?"

Nakijwa aliwasikiliza na uchungu ukampanda, kwa sababu wote walisema kweli. Lakini jembe hakuliweza tena, na mtamba huyo akizaa, maziwa yake ndiyo yangemlisha uzeeni. Akaishika kamba ya mtamba.

"Macho yangu hayarudi," akasema. "Anayemtaka aje aifungue kamba hii mkononi mwangu."

Hakuna aliyesogea, na hakuna aliyeridhia. Nanyi mnaonisikiliza, msinijibu kwa huruma, nijibuni kwa haki: aliyetoa nyumba, aliyetoa mikono, na aliyemwachia mwingine mke, nani kati yao aondoke na mtamba?